Kobe wa Kisumu katika Baridi ya Nakuru

Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Nakuru inakaribia mita 1,850. Sisi tuliohama kati ya miji hii miwili tofauti hiyo tunaimaliza kwa sweta na chai ya tangawizi, lakini kobe hana la kuvaa. Ndiyo maana Opuk, ambaye Kisumu alilala uani chini ya mchongoma mwaka mzima, hapa Nakuru ana chumba chake.

Opuk ni kobe wa savana, yule mwenye gamba la manjano lenye madoadoa meusi. Jina lake la kisayansi ni Stigmochelys pardalis. Alikuwa wa baba yangu mkubwa, kule Mamboleo. Uzee ulipombana na wanawe wakaamua kumchukua Nairobi kwenye nyumba ya ghorofa, alinipigia simu. "Mwanangu, kuku nimewagawia majirani, mbuzi nimeuza. Huyu siwezi kumwachia mtu asiyejua kukaa na kiumbe asiyelia."

Maneno hayo yamenikaa. Ng'ombe akiwa na njaa mtaa mzima utajua, na mbwa akiumwa mguu atauinua. Kobe akipata baridi hunyamaza, na huendelea kunyamaza mpaka siku unapomkuta na povu puani. Kwa hiyo nilipoanza kupanga makao yake sikujiuliza nitamwekea nini, nilijiuliza nitajuaje anachotaka. Jibu nililofikia, na ambalo limeongoza kila kitu tulichojenga, ni kwamba nyumba ya kobe lazima iwe na pembe zinazotofautiana: pa joto na pa baridi, pakavu na penye unyevu, pa wazi na pa kujificha. Yeye atachagua. Kazi yangu ni kutazama anachagua nini.

Kabla ya mbao na taa, niseme la sheria, maana nimeona watu wakiokota kobe barabarani kama wanaookota kuni. Kobe wa Kenya ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, kumweka bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ni kosa. Baba mkubwa alikuwa na kibali, nami sikumleta Opuk hapa mpaka karatasi za kumhamisha na za mimi kumpokea zilipokamilika. Biashara ya kimataifa ya aina yake inadhibitiwa na mkataba wa CITES katika Kiambatisho cha II. Ndugu yake yule bapa anayejibana kwenye nyufa za miamba, Malacochersus tornieri, alipandishwa mwaka wa 2019 hadi Kiambatisho cha I, kwenye ulinzi mkali zaidi. Ukimkuta kobe akivuka barabara kule Baringo au Naivasha, mvushe upande aliokuwa akielekea, kisha umwache aende zake. Haya ninayoeleza ni ya mtu ambaye tayari ana kobe kihalali na anataka amtunze inavyostahili.

Mwili wa kobe hauwezi kujipasha joto kama wetu. Joto la nje ndilo linaloamua kama tumbo litasaga chakula, kama misuli itamvuta, kama kinga ya mwili itapigana na vijidudu. Usiku wa Julai hapa Nakuru hushuka hadi nyuzi 10 au hata chini ya hapo, na asubuhi ukungu hukawia. Kobe akilala katika baridi hiyo na tumbo limejaa majani, majani yanakaa tu. Mapafu nayo ndiyo huumia mapema. Kobe hana kiwambo cha misuli chini ya mapafu kama tulicho nacho sisi, hivyo hawezi kukohoa vizuri akasukuma makohozi nje. Baridi ikichanganyika na unyevu, homa ya mapafu haiko mbali.

Kuna wanaosema, "Mwache, atalala usingizi wa baridi kama wa Ulaya." Ushauri mwingi uliosambaa umeandikwa kwa ajili ya kobe wa Ulaya wa jamii ya Testudo, ambao kweli hulala miezi ya theluji. Kobe wa savana halali hivyo. Baridi ikimkalia hapumziki, anadhoofika, ingawa kwa macho hali hizo mbili hufanana. Hapo ndipo wengi huponzwa na utulivu wake.

Tulimpa chumba cha nyuma kilichokuwa stoo. Kina dirisha la mashariki na mlango unaofungua uani, na hakipakani na jikoni. Hilo la jikoni nilisisitiza, kwa sababu kobe aweza kubeba bakteria wa salmonela bila mwenyewe kuugua, na nina watoto. Bakuli lake halioshwi kwenye sinki la vyombo, na hakuna anayemgusa akaondoka bila kunawa kwa sabuni.

Fundi tuliyemwita ana karakana upande wa Free Area. Alizoea vitanda na makabati. Plaiwudi huuzwa futi 8 kwa 4, yaani mita 2.4 kwa 1.2, nami nilitaka sakafu ya Opuk iwe ubao mzima bila kukatwa hata kidogo. Fundi alinyoosha tepu, akanitazama.

"Mama Achieng', hiki sasa ni kitanda ama ni sanduku?"

"Fundi, fikiria ni shamba. Shamba lenye kuta, lisilo na paa."

Alinielewa kuliko nilivyotarajia. Yeye ndiye aliyependekeza kuweka ukingo unaoingia ndani kwenye pembe nne, akisema kila mnyama hupandia pembeni. Na kweli, kobe hujiegemeza penye kona, miguu miwili huku na miwili huku, akapanda. Kuta ni sentimita 45, zaidi ya mara mbili ya urefu wa gamba lake, ambalo ni sentimita 20 hivi. Ni kuta za mbao, si kioo. Nilipewa tanki kubwa la samaki kwa bei nzuri nikalikataa. Kobe haelewi kioo. Anaona nje, anakwenda, anagonga, anarudi, na anaweza kushinda akikwaruza mpaka pua ichubuke. Isitoshe, tanki hushika hewa nzito na moto ndani, hapo tofauti ya pembe moja na nyingine ikapotea.

Mbao zile zenye rangi ya kijani, zilizotiwa dawa ya mchwa, hazikuingia. Rangi tuliyopaka ni ya maji, na sanduku likakaa wazi hadi harufu ilipoisha kabisa kabla ya Opuk kukanyaga. Ndani tulitandika karatasi nzito nyeusi ya mabwawa ya samaki, ili unyevu wa udongo usioze plaiwudi. Sanduku lote limekaa juu ya meza, na miguu ya meza hiyo inasimama ndani ya makopo yenye maji ya sabuni. Hili mtu wa mbali anaweza kuliona la ajabu, lakini anayejua siafu wa majira ya mvua hataniuliza. Siafu wakimvamia kobe usiku hana pa kukimbilia, na gamba halimsaidii kitu, kwa kuwa wanapita penye miguu na macho. Panya pia huguguna miguu ya kobe aliyelala. Juu ya sanduku usiku huwa tunafunika wavu wa chuma.

Sasa joto, ambalo ndilo moyo wa jambo lenyewe.

Katika savana joto hutoka juu. Jua humpiga kobe mgongoni, naye akizidiwa hujificha chini ya kichaka au kwenye shimo lililoachwa na mnyama mwingine. Silika yake inamwambia kwamba chini ni baridi. Ukimwekea mkeka wa umeme au jiwe la umeme chini ya tumbo unaigeuza dunia hiyo juu chini, maana akihisi moto atajichimbia, na kadiri anavyochimba ndivyo anavyosogelea kinachomuunguza. Gamba la tumboni huungua polepole, na mtu haoni mpaka amgeuze. Kwa hiyo chanzo cha joto la Opuk kiko juu yake.

Agroveti za Nakuru zimejaa taa nyekundu za kulelea vifaranga, maana kuku hapa ni biashara kubwa. Ni rahisi kuzipata na watu wengi wangezichukua. Mimi sikuzichukua. Ile ya wati 250 humwaga moto mkali mahali padogo. Ikining'inizwa chini, kilele cha gamba huungua huku miguu bado baridi. Tena kobe huona rangi vizuri, nyekundu ikiwemo, na taa nyekundu inayowaka usiku kucha ni kumnyima giza. Mchana anawashiwa taa ya halojeni yenye mwanga mweupe mpana. Usiku kuna kichwa cha kauri kinachotoa joto bila mwanga wowote, kinachoongozwa na thamostati, swichi inayojiwasha na kujizima kwa kufuata joto, ya aina wanayofunga kwenye mashine za kutotolea mayai. Kihisio cha thamostati kiko kwenye kimo cha gamba, mahali palipo kivulini. Kikiwekwa chini ya taa kitadanganywa na kuzima mapema, na kikining'inia juu ukutani kitapima hewa ambayo kobe haishi ndani yake.

Chini ya taa, kwenye jiwe bapa, kipimajoto husoma nyuzi 35 hivi. Nusu hiyo ya sanduku huwa 28 hadi 30. Upande wa pili ni 22 hadi 24. Usiku hatuachi pashuke chini ya 18, na kwa kawaida tunashikilia 20. Vipimajoto ni viwili, kila upande kimoja, na sitamshauri mtu apunguze hapo. Mkono wa binadamu hauwezi kupima joto la kobe. Chumba ambacho sisi tunaona kina uvuguvugu mzuri, kwake bado ni baridi ya kumfunga mdomo.

Taa inaning'inia kwa minyororo miwili iliyofungwa kwenye boriti, sentimita 40 juu ya mgongo wake, na imezungushiwa wavu. Kibanio pekee hakitoshi. Sakafu yake ina nyasi kavu, na taa ya halojeni ikianguka juu ya nyasi kavu, nyumba yote iko hatarini, pamoja na watoto waliolala chumba cha pili. Waya unakwenda moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, bila ekstensheni ya kubebeshwa pasi na friji.

Stima nayo hupotea, hasa mvua zikianza. Ukitegemea betri ya sola kuendesha kipasha joto usiku kucha utakata tamaa, kwa sababu joto hunywa umeme kuliko taa na televisheni kwa pamoja. Sisi hujaza jerikani za lita 5 maji moto, tunazifunga kwa leso kuukuu na kuziweka kando ya maficho yake, pembeni na si chini. Halafu tunafunika blanketi juu ya nusu ya sanduku. Maji mengi huachia joto taratibu, na mpaka alfajiri bado pana uvuguvugu. Jiko la makaa, ambalo wafugaji wa vifaranga hulitumia, haliingii chumba kile kamwe. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, na chumba kilichofungwa kwa sababu ya baridi ndicho inachokipenda.

La jua lilileta ubishi nyumbani. Shemeji alisema dirisha la mashariki linatosha: "Jua linaingia hapo saa moja mpaka saa nne, shemeji. Unanunua taa nyingine ya nini?" Ni swali zuri na watu wengi hukwama hapo. Kioo cha dirisha hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia karibu miale yote ya urujuanimno ile ya aina ya UVB. Miale hiyo ndiyo ngozi ya kobe inayoitumia kutengeneza vitamini D3, na bila D3 kalsiamu anayoila hupita bila kufyonzwa. Mwili hauachi kuihitaji. Huichota kwenye mifupa. Gamba huanza kulainika, taya hulegea, miguu humshinda. Kobe anaweza kukaa penye dirisha linalong'aa, akala vizuri, na bado mifupa yake ikaliwa kutoka ndani. Nilimweleza shemeji hivyo, akanyamaza, na wiki iliyofuata akaja mwenyewe na drili kunisaidia kufunga tyubu.

Taa yetu ya UVB ni tyubu ndefu nyembamba, ya aina iitwayo T5, inayofika karibu nusu ya sanduku, upande uleule wa taa ya joto, ili akiotea moto apate vyote viwili kama anavyovipata juani. Haina kioo wala plastiki mbele yake. Tyubu hizi huchakaa kwa siri, kwani zinaendelea kung'aa machoni petu huku UVB ikififia. Yetu imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito tarehe iliyofungwa, na ikitimiza mwaka inatoka hata kama inawaka.

Pamoja na hayo, hakuna tyubu inayoshinda jua la Nakuru. Tuko karibu kabisa na ikweta, juu mlimani, anga ikiwa safi. Asubuhi ya jua Opuk hutoka uani kwenye kizimba chake cha mawe, na nusu ya kizimba daima ina kivuli. Hilo la kivuli silikubalii mjadala. Mtu akimweka kobe ndani ya karai au beseni juani "apate vitamini" kisha akaenda dukani, anaweza kurudi akamkuta amekufa kwa joto, kwa sababu hakuwa na mahali pa kuondokea. Chumba cha ndani ni cha usiku, cha mvua za Machi hadi Mei, na cha siku zile za Julai ambazo jua halichomozi kabisa. Taa zote za mchana huwaka saa moja asubuhi na kuzimwa saa moja jioni, kufuata siku ya ikweta aliyozaliwa nayo.

Sakafu tuliifikiria sana, kwa kuwa vumbi la Nakuru ni la majivu ya volkeno, jepesi, linalopeperuka likaingia machoni. Maranda tuliyopewa bure karakana nayo yalikuwa ya msaiprasi, na mafuta ya miti hiyo yenye harufu huwasha njia ya hewa ya kobe. Mchanga mtupu nao haufai: humezwa na chakula ukajaa utumboni. Tulichanganya udongo mweusi wa bustani usiotiwa mbolea wala dawa na kokopiti, yale makumbi ya nazi yaliyosagwa ambayo wenye vitalu vya miche hununua. Kina chake ni sentimita 10 hivi. Juu pembeni tumetandaza nyasi kavu za boma rhodes, ambazo Opuk huzilalia na kuzila pia.

Maji nayamimina kwenye pembe za sanduku, yazame, ili chini pawe na unyevu na juu pakauke. Wengi huamini kwamba kobe wa savana anataka ukavu tu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003, uliofanywa kwa kobe wachanga wa Sahel, jamaa wa huyu wetu, ulionyesha kuwa waliolelewa penye hewa kavu ndio waliootesha gamba la vinundu, na kwamba ukavu ulichangia kuliko protini ya chakula ambayo watu walikuwa wakiilaumu. Gamba la Opuk halina vinundu, limepinda vizuri. Naamini hewa ya ziwa ilimfanyia kazi hiyo utotoni bila baba mkubwa kujua. Lakini unyevu lazima uandamane na joto. Unyevu wa baridi ndio ule wa mapafu niliousema.

Kuna maficho mawili, moja kila upande. La upande wa joto ni sanduku la mbao lililogeuzwa, udongo wake una unyevu zaidi. La upande wa baridi ni nusu ya mtungi mkubwa uliopasuka. Katikati kuna gogo, mawe, na vyungu vya mimea, ili asiweze kuona ukuta wa pili kutoka ukuta wa kwanza. Inambidi azunguke. Chakula kiko mbali na taa kwa makusudi, atembee. Maji ya kunywa yako kwenye kigae kipana cha chungu cha maua, kina kifupi, cha kuingia na kutoka bila kupinduka. Ni maji ya mvua, kwa sababu visima vingi vya huku vina floraidi nyingi, na yale ambayo siwapi watoto wangu simpi yeye. Mara kwa mara huoga kwenye beseni la maji ya vuguvugu yanayofika chini ya kidevu, kwa robo saa. Humo hunywa na kukojoa. Uji mweupe anaoutoa ni wa kawaida. Ukiwa na chembechembe ngumu, kobe ana kiu.

Baada ya hayo yote ndipo kuchagua kwake kulipoanza kusomeka. Achieng', binti yangu, ana daftari anapoandika Opuk yuko wapi asubuhi, adhuhuri na jioni. Siku njema hutoka mafichoni taa ikishawaka, huota moto, huenda kula, hupumzika kivulini, hurudi kwenye jiwe. Akishinda chini ya taa bila kusogea, joto la jumla limepungua, hata kama kipimajoto kimoja kinasema sawa. Akijibanza upande wa baridi mchana mzima, tumezidisha joto. Akizunguka ukutani bila kutulia, kuna kitu anakosa. Msimu wa baridi ulipoingia daftari lilionyesha ameuacha mtungi kabisa na halali tena upande ule. Tulipima udongo wa pale alfajiri, ukawa baridi kuliko hewa, kwa kuwa ukuta wa nyuma ni wa mawe na hunyonya joto. Tulisogeza sanduku mbali na ukuta, tukaweka ubao wa povu katikati, na akaurudia mtungi wake. Hakuna kitabu ambacho kingeniambia habari za ukuta ule.

Juu ya chakula sina mengi: nyasi, nyasi kavu, mchunga, majani na maua ya haibiskasi, vipande vya mpungate ulioondolewa miiba. Mchicha na spinachi kidogo sana kwa sababu ya asidi ya oksaliki inayofunga kalsiamu, sukuma wiki mara mojamoja. Ugali, mkate na chakula cha mbwa haviingii, wala majani ya kando ya shamba lililopuliziwa dawa. Kwa kalsiamu ana mfupa wa ngisi wa kuguguna. Porini kobe hawa hutafuna mifupa mikavu, hata kinyesi cheupe cha fisi, kwa haja hiyohiyo.

Lililobaki naliomba lishikwe na kila mwenye kobe katika nchi hii ya wafugaji. Ivamektini, dawa ya minyoo na kupe ambayo iko karibu katika kila boma lenye ng'ombe na mbuzi, ni sumu kwa kobe. Imejulikana tangu miaka ya 1980. Huwapooza, na wengi hufa. Daktari wa mifugo mwema kabisa, aliyezoea ng'ombe, anaweza kuichomoa mfukoni kwa nia njema, hivyo ni juu yako kumwambia kabla hajafungua sindano. Dawa za kupulizia kupe nazo usimpake. Kupe wa jamii ya Amblyomma hupenda kukaa penye ngozi laini karibu na mkia na mapajani. Sisi huwatoa mmoja mmoja kwa kibano na kuwatumbukiza kwenye spiriti, maana baadhi yao huweza kubeba ugonjwa wa moyo kujaa maji unaoua ng'ombe na mbuzi, na jirani yetu anafuga mbuzi.

Opuk anapimwa uzito kila mwezi kwa mizani ya jikoni iliyostaafishwa kwa kazi hiyo. Anaongezeka taratibu na kwa mfululizo. Kobe wa aina yake huweza kufika sentimita 30 hadi 40 na uzito wa kilo 10 na zaidi, na huishi miongo mingi, kwa hiyo plaiwudi moja itamshinda. Fundi wa Free Area ameshakuja na tepu yake tena. Safari hii tunakata kijimlango chini ya ukuta wa stoo, chenye pazia la mpira mzito, kinachofungukia kwenye kizimba cha uani. Sakafu yote ya stoo itakuwa yake, na taa zitahamia kwenye boriti. Achieng' amemsisitizia fundi kwamba mlango uwe mpana kuliko gamba la kobe mzima, wala si gamba la Opuk wa leo.